Mzinga mpya nyuki hawautaki: makosa ya rangi, harufu na unyevu, na namna ya kuyarekebisha

Miyombo ikianza kutoa majani mekundu kabla ya mvua za Novemba, wateja huanza kurudi karakanani kwangu hapa Tabora. Wengi hawaji kununua, wanakuja kulalamika. Mzinga umetundikwa tangu kiangazi na hauna nyuki hata mmoja. Rangi imefura mapovu. Asali inanuka gereji. Mchwa wamemaliza mguu mzima wa kichanja. Malalamiko ni yale yale kila msimu, na nimeona kwamba mengi yanaanzia siku mbili tatu za mwisho, pale kazi ya mbao imekwisha na fundi ameshika brashi.

Mimi nafuata kanuni moja: nje linda mbao, ndani usipake kitu ambacho usingekubali kukilamba. Nta ina asili ya mafuta. Inanyonya harufu na sumu kutoka kwenye mbao na kukaa nazo kwa miaka, na asali imehifadhiwa ndani ya nta hiyo hiyo, na watoto wa nyuki wanalelewa humo humo. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya maelezo haya utaikisia mwenyewe.

Nyuki hawaingii kabisa

Asubuhi moja alikuja mama mmoja wa upande wa Sikonge, kachoka na safari.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mama. Karibu ukae."

"Nimekaa, lakini moyo haujakaa. Mizinga yako ni mizuri, ila nyuki wanaipita kama mgeni anavyoipita nyumba yenye mbwa mkali."

"Ndani ulipaka nta?"

"Nta? Mbona hukuniambia?"

Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo hakuna mzinga unaotoka kwangu bila kitonge cha nta na maelekezo, maana hiyo ndiyo sababu ya kwanza na ya kawaida kuliko zote: mzinga hauna chambo. Nyuki wapelelezi wanatafuta mahali panaponukia nyuki. Mbao mpya hainukii nyuki, inanukia kiwanda cha mbao.

Kwa hiyo anza hapo. Sugua nta safi kwenye viunzi vya juu, kuta za ndani na kuzunguka tundu la kuingilia. Kama una gundi ya nyuki uliyokwangua kwenye mzinga wa zamani wenye afya, sugua na hiyo. Kisha jiulize umetundika lini. Mzinga uliotundikwa wakati hakuna maua wala makundi yanayohama unaweza kukaa mtupu miezi kadhaa bila kuwa na kosa lolote, na hapo dawa ni subira. Fungua pia utazame kama kuna wapangaji wengine: sisimizi, buibui, panya, mjusi. Watoe, safisha, paka nta upya.

Kama chambo kipo, msimu ni wake na ndani hamna mtu, basi fikiria harufu. Kipimo changu hakina gharama. Funga mzinga kila upande, uweke juani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, kisha inua kifuniko kidogo tu na uingize pua pale pale, kabla hewa ya nje haijaingia. Unatakiwa kusikia mbao na nta, basi. Ukisikia thina, vanishi au dawa yoyote, ujue nyuki wameisikia kabla yako.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka yangu ya mwanzo nilipata oda ya mizinga sita, nikataka ing'ae. Nikaipaka vanishi nje na ndani, mikono miwili. Ilipendeza sana machoni. Nilikaa chini ya mti mmoja jioni nikimtazama nyuki mpelelezi: akatua kwenye tundu, akaingia nusu ya mwili, akarudi kinyumenyume, akajipangusa vipapasio kwa miguu ya mbele na kuondoka. Akaja mwingine akafanya vile vile. Mizinga yote sita ilipitisha msimu mzima mitupu, nikairudisha karakanani kwa gharama zangu.

Marekebisho yanategemea kilichopakwa na mahali kilipopakwa:

- Rangi ya maji, imepakwa nje tu: fungua mzinga, uweke kivulini penye upepo wiki mbili. Rudia kipimo cha pua.
- Rangi ya mafuta au vanishi, nje tu: upe mwezi au zaidi. Usiharakishe kwa kuuanika juani ukiwa umefungwa, maana harufu inasukumwa ndani ya mbao.
- Vanishi au rangi ndani: piga randa kuta za ndani mpaka ifike mbao tupu, kazi ifanyike nje ya chumba na ukiwa umevaa barakoa. Kisha subiri, nusa, paka nta. Kama imenyonywa kiasi kwamba randa haiifikii, usiupeleke porini. Utakufaa kuwekea misumari.

Kuhusu kupaka nta ya moto, tafadhali sikiliza. Nta inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 65 hivi za Selsiasi, kwa hiyo huhitaji moto mkali. Iyeyushe kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, kamwe si juu ya mkaa moja kwa moja. Ikizidi joto hutoa mvuke unaoshika moto. Ikishika, funika kwa kifuniko na uiondolee moto chini. Usimwagie maji hata kidogo, nta inayowaka ikikutana na maji hulipuka na kukurukia usoni.

Rangi inafura mapovu au inabanduka

Hapa karibu kila mara kosa ni mbao mbichi. Mbao za msindano zinatufikia zikiwa zimepasuliwa juzi, mteja ana haraka, fundi anaunga na kupaka. Maji yaliyomo yanatafuta njia ya kutoka, yanakuta rangi imeziba, yanaisukuma. Povu ni hilo. Baadaye mbao inasinyaa, maungio yanaachia, na mzinga unakuwa na nyufa za kupitisha siafu.

Kipimo cha kwanza: kata kipande kidogo cha mbao hizo, kipeleke kwenye mizani ya duka, andika uzito. Kiweke kivulini, kipime tena baada ya siku nne, kisha nyingine nne. Kikiwa bado kinapungua, mbao zako bado zina maji. Uzito ukisimama, endelea na kazi. Cha pili ni cha usiku mmoja: funga kipande ndani ya mfuko wa plastiki usio na hewa, asubuhi ukiona umande ndani ya mfuko, jibu unalo. Panga mbao zako kwa vijiti katikati ya kila safu ili upepo upite, juu funika, pembeni acha wazi. Jua la moja kwa moja linapasua ncha.

Baada ya hapo angalia mambo haya, kwa kadiri yanavyotokea mara kwa mara. Vumbi: kiangazi cha Tabora kina vumbi jekundu linalokaa juu ya kila kitu, na rangi iliyoshika vumbi haijashika mbao. Piga msasa, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke, ndipo upake. Jua: ukipaka saa saba mchana kwenye mbao ya moto, rangi inakauka juu na chini bado mbichi. Paka asubuhi umande ukishaondoka, au jioni mapema. Unene: mikono miwili myepesi inashinda mmoja mzito. Mwisho, mafuta ya zamani: mbao iliyowahi kupakwa oili au mawese haikubali rangi ya maji, hata ukiisali.

Sababu moja wengi hawaifikirii. Nyuki wakishaingia wanatoa maji mengi hewani wanapokausha nekta iwe asali. Unyevu huo unapita kwenye mbao kwenda nje. Rangi ya mafuta inaziba kabisa, kwa hiyo hubanduka kuanzia ndani hata kama mbao ilikuwa kavu siku ya kupaka. Ndiyo maana nashauri rangi ya maji ya kupaka nje ya nyumba, rangi nyepesi: nyeupe, krimu, njano hafifu, buluu ya maji. Inapumua kidogo, harufu yake inaisha mapema, na haivuti jua.

Kukwangua rangi iliyobanduka kwenye mzinga ambao umenunua wewe ni kazi ya kawaida. Lakini kama unatumia mbao kuukuu, milango na madirisha ya majengo ya zamani, simama. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usizipige msasa zikiwa kavu na usizichome, hasa nyumbani kwenye watoto. Mbao hizo usizitumie kwa mizinga hata kidogo.

Waliingia, wakakaa, wakahama

Nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kuhama, hilo ni umbile lao. Mara nyingi hawakimbii rangi. Wanakimbia njaa, ukosefu wa maji, siafu, au mfugaji anayefungua mzinga kila Jumapili kuonyesha wageni. Maliza kuyachunguza hayo kabla ya kulaumu fundi.

Kisha shika ukuta wa mzinga kwa kiganja saa nane mchana mwezi wa Oktoba. Ukishindwa kukiacha kiganja hapo, na wao wanashindwa. Nyuki hulea watoto wao kwenye joto la nyuzi 34 au 35 hivi, na hutumia nguvu nyingi kulipunguza likizidi. Nta hulainika mapema sana kabla ya kuyeyuka, na sega jipya lenye asali nzito linaweza kukatika na kuanguka, likawafunika. Mzinga uliopakwa kahawia iliyoiva au nyeusi ili "ufanane na mti" ndio unaoongoza kwa ajali hii. Paka upya rangi nyepesi, hamishia kivulini, na kama paa ni bati tupu weka nyasi au ubao wa pili chini yake, ukiacha mwanya wa hewa kati yao.

Ukiona ukungu ndani, tatizo ni maji. Paa linavuja, au mzinga umelala sawasawa na maji ya mvua yanatuama sakafuni. Inamisha mzinga kidogo kuelekea upande wa mlango. Ziba maungio kwa gundi nyeupe ya mbao ukiwa bado karakanani, si kwa lami wala silikoni ukiwa tayari porini na nyuki ndani.

Plaiwudi na chipbodi zina shida yao peke yake. Gundi yake hutoa fomaldehaidi, hewa yenye sumu, hasa ikiwa mpya na ikipata joto, na chipbodi hulowana na kumeguka mvua ya kwanza. Chipbodi sitengenezei kabisa. Plaiwudi naikubali kwa kifuniko tu, ile ya kuhimili maji, kingo zake zikiwa zimezibwa rangi.

Asali au nta inanuka oili, dizeli au dawa

Hapa sina lugha laini. Oili chafu ya magari inapakwa mizinga kila mahali kwa sababu haina bei na mchwa hawaipendi. Ndani yake mna madini mazito kutoka kwenye injini na mabaki ya mafuta yaliyoungua. Ikipakwa nje ya mbao laini kama msindano, inapenya. Ikipenya inaikuta nta. Hutaitoa tena.

Angalia kwa mpangilio huu. Je, mzinga umewahi kupakwa oili, dizeli au dawa ya mchwa, na wewe au na aliyekuuzia? Kwaruza kona ya chini kwa kisu: mbao safi ina rangi yake ile ile mpaka ndani, iliyopakwa ina utando mweusi unaofifia taratibu. Je, bomba la moshi la kufukizia nyuki ulilitilia nini? Matambara yenye mafuta na makaratasi ya plastiki huacha harufu kwenye asali kwa siku moja tu ya kurina. Tumia majani makavu, maganda ya miti, samadi kavu ya ng'ombe. Je, ndoo ya kuwekea asali ilikuwa ya nini kabla? Ndoo ya rangi haisafishiki ikawa ya chakula.

Halafu tazama mbao zenyewe. Mbao yenye rangi ya kijani kibichi kama shaba iliyopata kutu imewekewa dawa, mara nyingi yenye shaba, kromu na aseniki. Mabaki ya nguzo huuzwa kwa bei ya chini na yanavutia. Usiyatumie, na usiyachome: majivu yake yana sumu, na moshi wake pia. Mapaleti ya mizigo nayo yasomwe muhuri kabla ya kupasuliwa. Penye suke la ngano ndani ya fremu na herufi HT, mbao ilitibiwa kwa joto. Penye MB ilifukizwa methili bromaidi, gesi yenye sumu, iache. Paleti lisilo na muhuri na lenye madoa, liache pia, hujui lilibeba nini.

Asali ya namna hii usiile, usiuze, usiichanganye na nzuri ili harufu ipungue. Tenga, andika kwenye ndoo, kisha umwone afisa ufugaji nyuki wa wilaya akuelekeze kuhusu vipimo. Ndoo moja yenye oili inaweza kuharibu pipa zima la kikundi, na mnunuzi akishaondoka harudi kwa mtu mmoja, anawahama wote. Masega ya mzinga huo usiyapeleke kwenye nta ya kuuza wala kuyatumia kama chambo.

Mchwa na siafu

Ukipiga ukuta wa mzinga kwa kifundo cha kidole na kusikia sauti tupu, mchwa wameshaingia. Watu hukimbilia dawa ya kupuliza. Dawa inayoua mchwa inaua na nyuki, hilo halina mjadala.

Dawa yangu ni kuwanyima njia. Tundika mzinga kwa waya mitini, na pakaza grisi sehemu ya katikati ya waya, pasipoguswa na nyuki. Kama ni kichanja, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili, na hapo ndipo mahali pekee ninapoiruhusu oili karibu na mzinga. Kopo lifunikwe kwa kipande cha bati kama mwavuli ili mvua isiijaze ikamwagika ardhini na nyuki wasizame. Fyeka nyasi zote zinazogusa mzinga, jani moja linatosha kuwa daraja.

Mninga na mkora havisumbuliwi sana na mchwa kwa upande wa kiini cha mbao, ila upande wa nje wenye weupe unaliwa kama mbao nyingine. Ni miti ya thamani, uvunaji wake una vibali, na mzinga wake ni mzito kupandisha. Kwangu msindano mkavu uliopakwa vizuri nje unatosha.

Wapo wanaopaka mawese ya Kigoma wakiamini ni ya asili kwa hiyo ni salama. Salama ni kweli. Lakini mawese hayakauki, yanabaki yananata, yanachacha na kuita sisimizi. Mafuta yanayokauka ni ya mbegu za kitani. Changanya nta robo kilo kwa lita moja ya mafuta hayo yakiwa ya vuguvugu, kwenye sufuria mbili kama nilivyoeleza, paka nje tu kwa kitambaa, futa yaliyobaki juu. Mafuta mabichi ya kitani huchukua wiki kadhaa kukauka. Yale yaliyoongezewa vikaushio hukauka haraka, lakini vikaushio vingi ni vya madini, kwa hiyo usiyapeleke ndani.

Nyuki wafu wamejaa mbele ya mlango

Usitafute kosa kwenye mbao kwanza. Ukikuta wengi wamekufa kwa siku moja, ndimi zimetoka nje, na kuna shamba la tumbaku, mahindi au mboga lililopuliziwa jirani, sababu ni hiyo hadi ithibitike vingine. Kusanya wafu kwenye mfuko wa karatasi, weka tarehe, mwite afisa ufugaji nyuki. Usile asali ya mzinga huo kabla hajafika. Ongea na mwenye shamba kwa heshima: mara nyingi anakubali kupulizia jioni nyuki wakiwa wamerudi.

Watoto wa nyuki waliooza ndani ya vyumba vya masega, wenye harufu mbaya na kunata, nalo si jambo la kutibu mwenyewe. Usihamishe viunzi kwenda mzinga mwingine. Mwite afisa, au kwa mliokaribu na mji, chukueni ushauri Chuo cha Ufugaji Nyuki hapa Tabora.

Fundi mwenyewe anaumwa

Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu wakati wa kupaka ni mvuke wa thina. Toka nje papo hapo, usimalizie "ubao mmoja". Ikiwa baada ya kupata hewa safi bado unaona giza, unatapika au kifua kinabana, nenda kituo cha afya na ubebe kopo lenye lebo, daktari aone ulichovuta. Vumbi la mninga linawasha macho na kukereketa koo, kwa hiyo barakoa na upepo wa mgongoni. Anayesumbuliwa na pumu asipige msasa kabisa.

Na matambara ya mafuta ya kitani. Usiyakunje ukayatupa kwenye kona yenye maranda na vumbi la mbao. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na ndani ya bonge la kitambaa joto halina pa kwenda, tambara huweza kuwaka lenyewe usiku, bila kiberiti. Yatandaze moja moja kwenye kamba nje, mbali na ukuta, mpaka yawe magumu kama ngozi kavu, au yazamishe kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko kabla hujafunga mlango wa karakana.